Kutoka Ruiru hadi Thika na fundi wa bunduki kuukuu

UKISHUKA matatu pale Ruiru asubuhi ya Jumamosi, usihangaike kuutafuta mji. Tafuta kwanza pa kupita. Makanga mmoja anakuvuta mkono kwenda Kimbo, mwingine anakuapia kwamba gari lake la Thika limebakisha abiria mmoja tu, na mwenye mkokoteni wa ndizi anakupigia mluzi mgongoni. Wakongwe wa hapa watakuambia kwamba zamani pande hizi zote zilikuwa kahawa tupu, na kwamba usiku mtu aliweza kumsikia mwenzake akikohoa upande wa pili wa mto. Leo kilichobaki cha sifa hiyo ni jina la mbegu ya Ruiru 11, iliyotolewa na watafiti wa kahawa wa hapa mwaka 1985, na mashamba machache yanayosubiri zamu yao ya kugeuzwa nyumba za kupanga.

Mjomba wangu anaishi ng'ambo ya reli, ile iliyofika Thika mwaka 1913. Ana karibu miaka 80. Alikuwa askari magereza tangu ujana wake hadi alipostaafu, na kwa miaka mingi kazi yake haikuwa kulinda wafungwa bali kutunza ghala la silaha. Ni yeye aliyezihesabu bunduki jioni, akazipaka mafuta, akazitengeneza zilipokwama.

Nilikuwa nimempelekea ujumbe kutoka kwa mwanawe wa tatu, binamu yangu, anayeishi katika jimbo la Minnesota huko Marekani. Wenzake kazini wamemwalika kuwinda kulungu mwezi wa Novemba. Amekwenda dukani akaiona bunduki kuukuu ya jeshi, bei yake nafuu kuliko mpya, na mwenye duka akamwambia ni ya Kiingereza, .303, ile tunayoiita huku Mark 4. Akaniandikia: “Muulize Mzee, mtu akinunua bunduki iliyotumika na jeshi aangalie nini?”

Mjomba aliusoma ujumbe kwenye simu yangu mara mbili, miwani imeshuka hadi ncha ya pua. Hakujibu. Alinirudishia simu, akachukua kofia. “Nakwenda Thika kutafuta kisu cha mashine ya kukatia majani ya ng'ombe,” alisema. “Ukitaka jibu, twende.”

Kabla hatujaondoka Ruiru, msomaji, ni vizuri kueleza kwamba swali kama hilo haliulizwi Kenya, angalau si dukani. Huku bunduki za jeshi zikizeeka haziwekwi kwenye rafu zikauzwa kwa raia kama vile Land Rover kuukuu zinavyopigwa mnada. Raia anayetaka bunduki huomba cheti chini ya Sheria ya Silaha, Sura ya 114, akachunguzwa tabia na sababu zake, na hata waliokwisha kupewa vyeti waliamriwa mwishoni mwa 2018 wakaguliwe upya. Anayekutwa bila kibali na AK-47, G3 au nyingine za aina hiyo anaweza kufungwa maisha. Na silaha haramu zinazokusanywa mara nyingi huishia motoni. Novemba 2016 kule Ngong zilichomwa 5,250 kwa siku moja.

Lakini Ruiru yenyewe ni mji wa bunduki, ingawa wengi wa wakazi wake hawaufikirii hivyo. Aprili 2021 Rais Uhuru Kenyatta alifungua hapa kiwanda cha serikali cha kuunganisha silaha ndogo. Ilielezwa kwamba kiligharimu shilingi bilioni 4 na kwamba kinaweza kutoa bunduki 12,000 kwa mwaka. Chuo cha kufundishia askari magereza kiko hapa hapa Ruiru. Na ukielekea upande wa Nairobi kwa njia za ndani, si mbali, unafika Kamiti.

Nilipolitaja Kamiti, Mjomba alitazama dirishani.

Tulipanda matatu ya viti 14. Tangu barabara kuu ya Thika ikamilike mwaka 2012, safari hii imekuwa fupi mno kwa mtu anayependa kutazama. Magari yanaruka tu. Mjomba alikaa upande wa dirisha, akaanza somo lake bila kugeuka, kana kwamba anaongea na nguzo za umeme.

“Kitu cha kwanza,” alisema, “sio kuangalia. Ni kuhakikisha haina risasi. Hata kama mwenye duka amekuambia. Hata kama uliiona ikifunguliwa dakika moja iliyopita. Vuta bolti, tazama, halafu ingiza kidole uguse. Macho hudanganya, kidole hakidanganyi. Nimewaona watu wenye vyeo vikubwa wakisahau hilo.”

Kijana aliyekaa mbele yetu na mkoba wa chuo aligeuka, akatutazama, akarudi kwenye simu yake upesi.

Mjomba akaendelea. Cha pili ni namba. Bunduki ya Mark 4 ina namba yake ubavuni upande wa kushoto, na namba hiyo hiyo hupigwa nyuma ya mkono wa bolti. Zikilingana, vitu hivyo viwili vimezeeka pamoja kama mume na mke. Zisipolingana, mtu amechukua bolti ya bunduki nyingine akaichomeka, na hapo ndipo hatari ilipo. Kila bolti hukaa kwa kipimo chake. Nafasi kati ya kichwa cha bolti na kitako cha risasi ikiwa kubwa kuliko inavyotakiwa, ganda la risasi halina kinacholishikilia nyuma. Linavutika, na linaweza kukatika vipande viwili ndani ya mtutu, moto na hewa kali vikamrudia anayelenga.

“Usoni,” Mjomba alisema, akagusa shavu lake.

Mafundi wa Kiingereza walilijua jambo hilo, ndiyo maana vichwa vya bolti vya Mark 4 vilitengenezwa kwa vipimo vinne, vikapigwa namba 0, 1, 2 na 3, ili fundi abadilishe hadi apate kinachotosha. Kipimo hicho hakiangaliwi kwa macho. Kina chuma chake maalumu, na mnunuzi asiye nacho aipeleke kwa fundi kabla ya kufyatua hata mara moja.

Tulikuwa tumefika Juja. Wanafunzi walishuka wengi, maana Chuo Kikuu cha Kilimo na Teknolojia cha Jomo Kenyatta kiko hapa, taasisi iliyoanza mwaka 1981 na kupata hadhi ya chuo kikuu 1994. Ni mji wa vibanda vya chipsi na vyumba vya kukodi. Wachache wa vijana hao wanajua kwamba Juja ilikuwa shamba la Mmarekani, William Northrup McMillan, na kwamba mwaka 1909 alimkaribisha humo Theodore Roosevelt, aliyekuwa ametoka tu katika urais wa Marekani na amekuja kuwinda. Miongoni mwa bunduki za Roosevelt mlikuwa na Springfield ya jeshi la nchi yake, iliyotengenezewa kitako na shabaha kwa mapenzi yake. Kwa hiyo hilo analotaka kufanya binamu yangu Minnesota, kuchukua chombo cha vita na kukigeuza cha kuwindia, Wamarekani walikuja kulifanya hapa hapa zaidi ya miaka 100 iliyopita. Sisi wenyewe uwindaji ulipigwa marufuku mwaka 1977.

McMillan alikufa 1925 na kuzikwa kwenye Kilimambogo, mlima unaouona upande wa mashariki hewa ikiwa safi. Alikuwa mtu mnene sana. Inasimuliwa kwamba walitaka kumzika kileleni, gari likashindwa na mzigo, wakamzika njiani. Mjomba huipenda hadithi hii, na alinisimulia tena ingawa nimeisikia tangu utotoni.

Baada ya Juja alirudi kwenye mtutu. Bunduki iliyouzwa na jeshi mara nyingi imepigwa risasi za zamani, ambazo fataki zake zilikuwa na chumvi. Chumvi hiyo hubaki ndani ya mtutu ikavuta unyevu, na kutu ikaanza usiku ule ule. Mafuta hayaiondoi. Askari wa zamani walifundishwa kumimina maji yaliyochemka ndani ya mtutu kwanza, kisha kukausha, kisha mafuta. Wavivu waliruka maji. Kwa hiyo toa bolti, elekeza mtutu kwenye mwanga, chungulia kutoka nyuma. Michirizo inayozunguka ndani ionekane wazi, yenye kingo. Ukiona vidoa vyeusi kama ngozi ya mtu aliyeugua ndui, hiyo ilikuwa ya mvivu.

Na mdomo wa mtutu? Hapo alinifundisha jambo ambalo sikulitarajia. Bunduki nyingi za jeshi hazikuharibiwa na vita, ziliharibiwa na usafi. Kamba ya kusafishia, ikivutwa kila siku kwa pembe mbaya na askari anayeogopa ukaguzi, hukata chuma cha mdomo kidogo kidogo. Njia ya haraka ya kupima ni kuchukua risasi isiyo na baruti wala fataki na kuingiza ncha yake mdomoni mwa mtutu. Ikizama mpaka kwenye shingo ya ganda, mtutu umelika.

Mbao nazo aliziongelea, ila kwa ufupi: nyufa nyuma ya mtutu na penye kiungo cha kitako, na kuni iliyolowa mafuta hadi ikawa laini. Magazini yake hubeba risasi 10, na midomo yake isiwe imepindwa, kwa kuwa risasi ya .303 ina ukingo, na ukingo wa juu ukikaa nyuma ya ule wa chini bunduki inakwama. Alimaliza kwa alama. Mshale mpana ni mali ya serikali. Mishale miwili inayotazamana ncha kwa ncha maana yake iliuzwa, imetoka mikononi mwa serikali kihalali.

Thika tuliingia saa tano. Ni mji ulio kama kilomita 40 na ushei kutoka Nairobi, wa viwanda na mananasi, na Jumamosi unakuwa na harufu ya vyote viwili. Tulipita kambi ya jeshi bila Mjomba kusema neno. Kisu cha mashine tulikipata katika duka la tatu, baada ya kubishana bei hadi muuzaji, kijana wa heshima, akasema, “Basi Guka, chukua, nisije nikalaaniwa.” Kisha Mjomba akataka kwenda Blue Posts.

Hoteli hiyo ilianzishwa mwaka 1908, mahali ambapo mto Chania na mto Thika inakaribia kukutana, kila mmoja na maporomoko yake. Familia nyingi za Nairobi zimewahi kufika hapo, watoto wakapigwa picha na maji meupe nyuma yao. Kwa maoni yangu chai ni ya bei kubwa kupita ubora wake, lakini hakuna anayelipia chai pale. Unalipia sauti ya maji. Tulikaa chini ya mti.

Hapo ndipo aliponiambia ambayo mama yangu hakuwahi kuniambia.

Babu, baba yao, alikuwa Keya. Mwaka 1944 alikuwa Bama na askari wengine wa Afrika Mashariki, akipigana na Wajapani kwenye matope na mvua, na bunduki aliyobeba ilikuwa .303. Alirudi na kitambulisho, koti na malaria. Alipokuwa na furaha, jambo lililotokea mara chache, alichukua fimbo na kuwaonyesha watoto jinsi ya kuvuta bolti bila kuondoa jicho kwenye shabaha. Mtoto wake mkubwa wa kiume alijifunza haraka kuliko wote.

Oktoba 1952 Hali ya Hatari ikatangazwa. Walioingia msituni walikuwa na njaa ya silaha kuliko ya chakula. Walitengeneza bunduki kwa bomba la maji, komeo la mlango na mpira wa kuvutia, na nyingi ziliwaumiza wao kabla ya adui. Kwa hiyo risasi moja halisi ya .303 ilikuwa mali. Serikali ya kikoloni ilijua hivyo, ikaweka adhabu ya kifo kwa mwenye kukutwa nayo. Watu zaidi ya 1,000 walinyongwa katika miaka ile, na sehemu kubwa yao hawakushtakiwa kwa kuua bali kwa makosa kama kuwa na silaha au risasi. Dedan Kimathi mwenyewe, aliyenyongwa Kamiti tarehe 18 Februari 1957, alihukumiwa kwa kukutwa na bastola na risasi zake.

Kaka yake Mjomba alikutwa na risasi moja. Ilikuwa mwaka 1954, alikuwa na miaka 19, na ilikuwa kwenye mshono wa koti. Koti la Bama.

“Babu yako hakusema tena habari za vita,” Mjomba alisema. “Sijui kama risasi ilikuwa yake, ameisahau humo, au ni kijana aliyeitafuta. Hakuna aliyeuliza. Ungeulizaje? Ukiuliza unamwambia mtu amemuua mwanawe.”

Mwili hawakupewa. Mjomba alikuwa mtoto wa miaka minane hivi. Alipokua akatafuta kazi, na kazi iliyopatikana ilikuwa ya magereza, na siku ya kwanza ghalani walimkabidhi .303. Niliuliza alijisikiaje. Alinitazama kama mtu aliyeulizwa swali la mjini.

“Ilikuwa chafu,” alisema. “Niliisafisha.”

Kwa desturi yetu, mtoto wa kwanza wa kiume hupewa jina la baba ya baba yake, wa pili la baba ya mama, na wa tatu la ndugu ya baba. Binamu yangu wa Minnesota ni wa tatu. Jina analobeba, lile analoandika kwenye fomu za huko, ni la yule kijana wa koti. Hajui. Anajua tu kwamba kulikuwa na baba mkubwa aliyekufa zamani “wakati wa shida.”

Nilimwuliza Mjomba kama nimwambie. Alikoroga chai iliyokwisha kupoa. Alisema huko aliko mwanawe sheria inamruhusu, ana kazi, ana akili, hajamuibia mtu, na bunduki haina kosa la mtu. Kisha akasema kwamba hata hivyo hatalala vizuri. Nilingoja aseme lipi kati ya hayo mawili lina uzito zaidi, hakusema.

Simu yangu ililia. Kwa saa za Minnesota ilikuwa bado usiku, lakini binamu alikuwa ametoka zamu na kututumia picha alizopiga dukani jana yake. Niliikuza ya kwanza. Ubavuni palisomeka Long Branch na mwaka 1943. Mjomba alichukua simu, akaisogeza mbali na macho, akaisogeza karibu.

“Ya Canada hii,” alisema, na kwa mara ya kwanza siku ile sauti yake ilichangamka. “Walitengeneza vizuri. Tazama, namba zao huwa na herufi L katikati.” Mbao zilikuwa safi, zinang'aa. Zinang'aa mno, alisema, mtu amezipaka rangi ya kabati. Akaomba picha ya bolti. Niliitelezesha. Alisoma namba iliyopigwa nyuma ya mkono, tarakimu moja moja, kidole kikienda juu ya kioo.

Haikuwa na L. Haikuwa hata na tarakimu zinazofanana.

“Mwambie aiache,” alisema. “Bolti si yake. Na mwambie akipata nyingine, asinunue kabla fundi hajaipima kichwa cha bolti na mimi sijaona namba. Zote mbili. Atume picha ya upande wa kushoto, kwenye mwanga.”

Niliandika hivyo hivyo. Nilipokuwa namalizia, aliongeza, bila kunitazama: “Na mwambie anipigie Jumapili jioni. Apige mwenyewe, sio kuandika. Nina jambo la kumweleza kuhusu jina lake.”

Mawingu yalikuwa yamejaa upande wa Gatanga. Tulilipa, tukachukua kisu cha mashine kilichofungwa kwenye gazeti, tukatembea haraka hadi steji kabla mvua haijafika.